Usije Kunichukua, Mjomba

Jikoni kwa Mama Calist,
Mwankoko, Singida.
9 Aprili 2025

Mpendwa Mjomba Alute,

Shikamoo mjomba. Habari za Rungwa? Anti Esta anaendeleaje na ule mguu? Mimi ni mzima wa mwili, ila roho haijatulia. Nimekupigia simu mpaka nimechoka, hupatikani, ndiyo maana nimeandika na kumpa Moses wa basi.

Usishangae anwani. Mama alikwambia nyumba imeanguka, lakini salio liliisha kabla hajamaliza. Tembe ilikuwa inavuja, akasema tupande juu tuongeze udongo kama alivyokuwa akifanya babu. Tukaongeza, tukashindilia, tukajisifu. Kumbe boriti zilishaliwa na mchwa! Mvua ilipolowesha ule udongo, paa lote likashuka. Tulikuwa shambani, Mungu ni mwema. Tuliopoa kuku wawili na mkoba wangu wa shule.

Sasa mama yuko Mitundu kwenye vibarua vya palizi. Mimi nimebaki kwa sababu niko kidato cha nne. Nalala jikoni kwa jirani yetu Mama Calist, pembeni ya mafiga. Ni mama mwema, ila binti yake anakuja kujifungulia nyumbani na jiko litahitajika Jumapili. Nikitoka hapo sijui pa kwenda. Mjomba, naogopa.

Shuleni nilificha. Wenzangu walisema asiye na makazi hurudishwa kwao, na kwetu sasa ni lundo la udongo. Nikawa nafika wa kwanza na kucheka kuliko wote. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Madam Flora, mwalimu wetu wa malezi, alinusa moshi kwenye sare yangu akaniita ofisini.

Akaniambia, "Ritha, hapa mtoto hafukuzwi kwa kukosa nyumba. Kusoma ni haki yako, hata ukilala jikoni." Amenitafutia kitanda hosteli ya shule, bila malipo mpaka nimalize, pamoja na chakula. Kinachotakiwa ni mama aje akubali mbele ya mkuu wa shule.

Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Mama anasema kwenye simu ile wewe ulishatamka kwamba utakuja kunichukua nikae kwako, na kaka yake mkubwa akishasema, yeye hana neno. Najua umesema kwa huruma. Wapo wajomba ambao hata salamu hawatumi. Lakini mtihani nimesajiliwa hapa, na usajili umeshapita. Nikija Rungwa mwaka huu nitakula asali yako nishibe, ila shule nitakuwa nimeiacha njiani.

Nakuomba, ukipata mtandao umpigie mama useme nibaki. Neno lako moja tu, atapanda gari aje. Tafadhali iwe kabla ya Jumapili.

Nakupenda mjomba, usinielewe vibaya. Lakini siku hizi kila pikipiki ikisimama getini naomba isiwe wewe.

Nisalimie anti Esta, Bibi Selina na mdogo wangu Obadia. Mungu awape afya wote, na wewe akupe kazi nyingi kwenye mizinga yako ya nyuki, usipate nafasi ya kusafiri.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na kukuogopa,
Ritha