Kengele Iliyonyamaza

Kamunyonge, Musoma
Novemba 1998

Kwa dada yangu mpendwa Mwanaupe,

Assalaam aleikum. Natumaini wewe na watoto hapo Bunda hamjambo, na kikohozi cha Siwema kimepoa. Mimi mwili ni mzima; moyo ndio hauna afya.

Umeshasikia kwamba shemeji Hasani, mumeo, alisimamishwa kazi kiwandani baada ya umeme kukatika na sangara kuoza kwenye vyumba vya baridi. Walisema alilala zamu. Dada, hakulala. Zamani alikuwa akizunguka mwenyewe kugusa milango. Mimi ndiye niliyemwambia apumzike, kompyuta itapiga kengele.

Programu niliyoiandikia kiwanda ina nyuzi nyingi, yaani vijikazi vinavyoendeshwa kwa pamoja ndani ya kompyuta. Kila uzi unalinda chumba chake, na mmoja unasubiri ishara ya betri kwamba umeme umekatika. Niliiandika nikiwa Dar, kwenye mashine ya mfumo wa Solaris. Kule ishara ni kama hodi ya getini: yeyote aliye tayari ndani ya nyumba anaitikia. Kiwanda kikaleta mashine ya mfumo mwingine, Linux, nayo inahesabu kila uzi kuwa nyumba ya peke yake. Hodi ikapigwa kwa uzi wa kwanza, ambao nilikuwa nimeuziba masikio. Ule uliokuwa ukisubiri haukusikia kitu.

Hasani alisema yeye alikuwaga anasikia baridi kwa kiganja, akaniuliza mashine yangu inasikiaga kwa kitu gani.

Nikarekebisha: uzi wa kwanza wenyewe ndio usubiri ishara, nyingine zote zisishughulike nayo. Sasa inafanya kazi kwenye mashine zote mbili. Jana nilizima umeme mbele ya meneja, Bwana Leonardi, kengele ikalia. Nikamwambia kosa lilikuwa langu, si la Hasani, naye akakubali arudi kazini Jumatatu. Nilikimbia kumpa shemeji habari. Alicheka sana, akafua sare yake.

Leo asubuhi meneja ameniita tena, akanipongeza. Akasema kwa kengele ya uhakika namna hii, walinzi wa vyumba hawana kazi. Wote wanapunguzwa, Hasani akiwamo. Nilibisha mpaka sauti ikanikauka. Alinijibu kwamba siku hizi kiwanda hakilei watu.

Sijamwambia, dada. Nimeshindwa kabisa. Bahasha hii anakuletea yeye mwenyewe, na ameivaa ile sare, anadhani Jumatatu anarudi kazini. Mpe chakula kwanza. Akishashiba, ndipo umwambie.

Nisalimie watoto, uwabusu kwa niaba yangu.

Mimi mdogo wako, nisiye na uso wa kuja Bunda,
Abdulkadiri