Trebo Hadi Mwisho

2 Machi

Bibi Waya, mwanangu,

Hujambo huko kwenye moshi wa lehemu? Sisi wazima. Mama yako goti linamsumbua, lakini mdomo hauna ugonjwa. Mimi nadunda. Ukisikia mtu anasema mzee fulani kachoka, ujue kamtaja mwingine.

Sasa sikia. Ile ampu ya kupaza gitaa uliyoniletea baada ya ile ya zamani kuwaka moto, mimi na yenyewe hatuelewani. Ile ya valvu, na taa zake za kioo ndani, ilikuwa nzito kama ndama, ukiibeba unazeeka, lakini ilikuwa na roho. Ukiikaza kidogo inakoroma tamu, kama paka aliyeshiba. Hii yako ya transista ni nyepesi, safi, imenyooka kama karani. Gitaa langu la kulaza, na nyuzi zake kumi na pedali zake za miguuni, likipita humo linatoka limevaa tai. Nikiikaza, haikoromi. Inakata kraa, kama bati linaburutwa kwenye saruji.

Na jambo lenyewe si la mchezo. Kiongozi wa bendi kaniambia mbele ya watu: "Mzee, Jumamosi tarehe thelathini ndiyo mazoezi ya mwisho kabla ya msimu. Sauti ya gitaa ikiwa bado hivi, kiti chako atakalia mpiga kinanda." Kinanda. Mimi niliyepiga gitaa kwenye baraza la duka, trafiki wa njia panda akalia hadi akasahau kuruhusu magari, foleni ikafika kesho yake. Miaka thelathini na mmoja niko kwenye kiti kile. Tangu aniambie hivyo, sikai. Nazunguka sebuleni kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nakaa kwenye gitaa, naamka, nafungua dirisha, nalifunga.

Uliwahi kusema kuna kisanduku kinaitwa ovadraivu, kinakanyagwa kwa mguu, kinaifanya transista ijidai valvu. Kitume upesi. Na usinipigie simu. Simu za siku hizi mbovu, watu wote wanaongea kama wamefunikwa blanketi. Andika.

Baba yako, yule yule

9 Machi

Shikamoo baba,

Mimi mzima, kazi ipo, vidole vimeungua viwili tu wiki hii. Mpe mama pole ya goti.

Ile foleni mara ya mwisho uliponihadithia iliishia jioni. Naona imerefuka.

Kisanduku nimekitia kwenye basi la asubuhi. Nakujua, utakiunganisha kwanza halafu ndiyo usome, lakini nitaandika hivyo hivyo. Waya utoke kwenye gitaa, uingie ovadraivu, halafu pedali ya volyumu, halafu ampu. Usigeuze. Ukiitanguliza volyumu, kila ukilegeza mguu mkoromo unakimbia, unabaki na sauti kavu katikati ya wimbo.

Gaini ya kisanduku, ile nobu unayozungusha kuongeza mkoromo, iwe chini, kama mbili, maana gitaa lako lina nguvu kuliko magitaa haya ya kubeba begani. Ukiwa umekiwasha, piga nyuzi mbili mbili. Tatu zitakuwa uji. Ampu yenyewe usiikaze. Kukoroma ni kazi ya kisanduku, ampu kazi yake kupaza tu. Na trebo, nobu ya sauti za juu, ishushe, kwa sababu transista haichuji, inatoa kila kitu pamoja na michanga yake.

Ukimaliza niandikie kila nobu iko namba ngapi, ziro hadi kumi. Nataka kuona kwa macho yangu.

Binti yako

14 Machi

Mwanangu fundi,

Salamu nyingi. Goti la mama yako limepata nafuu, sasa ananifukuza nyumbani kwa mbio.

Kisanduku kimefika. Kweli, niliunganisha kabla sijasoma, nikatanguliza volyumu, na ikatokea ulivyosema. Nikageuza kimya kimya kama mtu aliyevaa viatu kinyume. Halafu nikawasha.

Mwanangu, kinakoroma. Nyuzi nene, wee, nyama tupu. Nilipiga kipande kimoja hadi shingo ikasisimka, na shingo yangu haisisimki ovyo, imeshasikia mengi.

Lakini huku juu hakuna kitu. Nyuzi nyembamba zimekufa. Naona chuma cha mkononi kinateleza, naona uzi unatetemeka, sauti siipati. Nikapandisha trebo ya ampu. Nne, saba, kumi. Kumi ndiyo ikaanza kufunguka kidogo. Kungekuwa na kumi na mbili ningeweka. Basi namba zako hizi hapa: gaini mbili, toni ya kisanduku kumi, trebo ya ampu kumi, besi moja.

Mama yako alitoka na kiti chake akaenda kukaa uani. Anasema naua watu. Yeye tangu ujana hajui muziki, ndiyo maana akanikubali. Na mazoezini mpiga tarumbeta wetu alikuja na pamba masikioni. Nikamuuliza, akasema jino linamuuma. Nikamwambia jino halitibiwi kwa sikio, jamaa wakacheka, yeye hakucheka. Kiongozi aliniangalia tu, akakunja karatasi zake.

Siku zinakwenda. Kisanduku chako kina kasoro, au ampu ndiyo ina kasoro. Tuma kingine.

Baba yako anayezunguka sebuleni

19 Machi

Shikamoo baba,

Natumaini mmeamka salama. Mimi sijambo, ila sijalala vizuri tangu barua yako ifike.

Hapa karakana nina ampu kama yako, zimezaliwa tumbo moja. Nikachukua kisanduku kama chako na gitaa la mteja. Nikaweka namba zako zote. Mbili, kumi, kumi, moja. Nikapiga uzi mwembamba mara moja tu. Fundi saa wa mlango wa pili akaja mbio kuuliza nachinja nini. Mimi mwenyewe meno yaliniuma.

Kisanduku ni kizima, baba. Ampu nzima. Nilivipima vyote viwili kabla havijapanda basi. Kwenye mstari ule, kutoka gitaa hadi ampu hadi kwako, kuna kitu kimoja tu sikukipima.

Nyuzi nene unazisikia, nyembamba zimekufa. Simu huitaki. Watu wanaongea kama wamefunikwa blanketi. Miaka thelathini na mmoja umekaa hatua moja kutoka kwenye matoazi ya mpiga ngoma. Masikio, baba. Yameanza kuachia sauti za juu. Si wewe wa kwanza.

Mpiga tarumbeta haumwi jino.

Kwa ajili ya Jumamosi, weka hivi: gaini mbili, toni nne, trebo tatu, besi tano. Bandika plasta juu ya nobu usiziguse tena. Wewe hutazisikia za juu. Wenzako watazisikia. Halafu nenda kapimwe.

Binti yako anayekupenda

22 Machi

Masikio yangu yalikuwepo wewe hujazaliwa. Nasikia mende akiwaza. Nilikuomba kisanduku, sikukuomba daktari. Habari za masikio usiniandikie tena.

Baba

25 Machi

Shikamoo baba,

Sawa, siandiki. Naandika habari za birika. Mama kaniambia lilipiga mluzi pembeni yako hadi likakauka na kuungua kitako, na wewe umekaa hapo unasoma gazeti. Alizima jiko, akanyamaza. Hakutaka kukuaibisha.

Hakuna anayekuona umepungua. Namba za nobu ni zile zile.

Binti yako

3 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Sisi tupo. Birika jipya tumenunua.

Jumamosi nilikwenda na trebo kumi. Nakuambia ukweli, plasta nilikuwa nayo mfukoni, lakini nilisema sipangiwi na mtoto niliyemfundisha kushika bisibisi. Nikafunga waya, nikakaa, nikashika chuma. Kabla sijagusa uzi, nikainua macho. Mwimbaji anavuta kiti chake nyuma. Mpiga besi anavuta chake. Mpiga ngoma naye. Wote kwa pamoja, bila kuangaliana, kama watu walioona wingu la mvua. Wamezoea, mwanangu. Miezi mingapi wanavuta viti, na mimi nadhani wananipisha kwa heshima.

Nikapiga magoti. Magoti haya, mbele ya kiongozi. Mbili, nne, tatu, tano. Nikabandika plasta.

Tukaanza. Nyuzi nene zilikuja, lakini juu ni kimya. Ni kama kuandika kwa kalamu iliyokauka. Nikafuata alama za shingo ya gitaa kwa macho, miguu ikafuata njia yake, mengine nikayapiga kwa kukumbuka yalivyokuwa. Jasho lilinitoka hadi kwenye viatu.

Tulipomaliza kiongozi akasema, "Mzee, sauti imerudi. Ilikuwa imekwenda wapi?" Hadithi tatu nilikuwa nazo tayari, moja ina chui. Nikamwambia, "Sauti haikwenda popote. Masikio ndiyo yamekwenda." Chumba kizima kikanyamaza, au walisema nami sikusikia. Akakaa karibu yangu, akaongea taratibu huku ananitazama usoni. Kiti kinabaki changu. Lakini nobu atashika mwimbaji, mimi nisiziguse. Nikakubali. Alhamisi mama yako ananipeleka kupimwa, keshachukua namba, hakuniuliza.

Sasa nina kazi moja ya kukupa. Wote wanasema ilikuwa tamu. Mpiga besi alinishika bega. Mimi sikuisikia. Watu wote mle ndani waliisikia isipokuwa aliyeipiga. Mama yako alikaa mlangoni na simu yake akarekodi, atakutumia. Nenda kwenye wimbo wa pili, pale baada ya ubeti wa mwisho, nyuzi mbili nyembamba zinapopanda pamoja, moja kwa chuma, moja kwa mguu, zinatakiwa zikutane juu. Niandikie kama zilikutana. Usinipambie. Kupamba nitapamba mwenyewe.

Baba yako