Mwendo wa Saa Tatu

Dada yangu,

Pokea salamu zangu. Mimi sijambo, bado nawakatia wasafiri tiketi za ndege, na kile kiti changu kibovu hatimaye wamekibadilisha. Natumaini mshono wako umepona.

Juzi alikuja mama mmoja anayekwenda huko mjini kwako kumuuguza bintiye. Akaniuliza, "Mwanangu, ni mbali sana?"

Nikamjibu kama ninavyowajibu wote, "Kilomita elfu mbili na mia moja, mama. Ndege moja tu, saa tatu."

"Kumbe karibu hivyo," akasema. "Basi sina kisingizio."

Nilishindwa kumtazama usoni. Wewe ulipolazwa nilikwambia Asia hii tunayoishi ni kubwa, kwamba ni ndege tatu na siku mbili njiani. Ukanijibu, "Usijisumbue, mdogo wangu, naelewa." Ukaingia chumba cha upasuaji bila hata mtu wa kukushikia mkoba.

Nilikudanganya, dada. Niliogopa kukukuta kitandani kama tulivyomkuta marehemu mama yetu.

Nimeomba likizo, nimepewa. Ijumaa asubuhi nitabisha hodi kwako. Usiponifungulia, nitakaa ngazini mpaka utoke.

Ni mimi mdogo wako, kwa aibu.