Mita Aliyopewa Ekisa

Mzee wangu,

Nimekukasirikia, na sijui mtu aliyekufa anakasirikiwa namna gani, ndiyo maana naandika. Siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi yako, kule kwako Butula, Mama, mkeo, aligawa vitu vyako. Mimi nikapewa koti. Mita yako ya kupimia umeme, ile uliyoifunga utepe mweusi pale ilipopasuka, akapewa Ekisa. Mama alisema ndivyo ulivyoagiza. Nilishukuru mbele ya watu, halafu nikaenda nyuma ya jikoni nikalia, na sikuwa nakulilia wewe.

Ekisa, mzee? Mimi ndiye niliyetangulia kujifunza ufundi kwako, nikiwa bado nashika bisibisi kama mwiko. Yeye alinikuta. Lakini ulipolazwa, yeye ndiye uliyemwita kitandani kila jioni, mimi ukaniacha nilinde godauni hapa Malaba. Roho iliniuma. Bado inauma.

Sasa sikia. Tangu uondoke, bosi alikuwa hajaamua nani kati yetu atashika nafasi yako ya fundi. Halafu ile mashine ya umeme ya kubebea paleti ikaanza vituko. Asubuhi inazima katikati ya mlango, mzigo mgongoni, na malori yamepanga foleni. Jua likiwaka, inakubali kama hakuna kilichotokea. Bosi akasema tusipoitengeneza kabla ya wiki kuisha ataleta fundi wa Kisumu, na sisi wawili turudi kupakia magunia.

Ekisa akaivamia na mita yako. Alipima betri, akapima fyuzi, akapima mota, vyote vizima. Nilisimama pembeni naangalia vidole vyake kwenye zile waya mbili, nyekundu na nyeusi, ulizokuwa unanishikisha mimi. Nakwambia ukweli, nilitamani ashindwe. Akashindwa. Akasema kompyuta ya mashine imekufa, iagizwe nyingine Nairobi.

Ndipo nikainama nikanusa. Unajua pua yangu. Pale mpini unapoungana na mashine palikuwa na harufu ya samaki. Ni wapakiaji, mzee, wale wale uliowagombeza mpaka ukachoka. Wakishusha samaki wa chumvi kutoka Uganda, wanaiosha mashine kwa mpira wa maji ili unga wa kesho usinuke. Nikachomoa betri, nikafungua kifuniko, nikavuta plagi ya waya za mpini. Ndani kulikuwa kijani kitupu, chumvi imekula pini. Chumvi hiyo inavuta unyevu usiku, asubuhi umeme unapotea njia, jua likikausha mashine inaamka. Nilisugua, nikakausha, nikabadilisha pini iliyoliwa zaidi.

Asubuhi yake, na umande wote ule, ikabeba saruji bila kusita. Bosi akasema nafasi ni yangu. Mimi huyoo, nikageuka nimwone Ekisa anavyoumia.

Alikuwa anazungusha waya za mita mkononi, macho chini. Akasema polepole, "Mzee alinichosha na wewe. Kila nikikosea, ni Nafula angeanza kwa kunusa, Nafula angeuliza jana ilibeba nini. Hata pale hospitalini. Mita alinipa akaniambia, yule hata bila hii atajua. Wewe ndio utapotea."

Nilipaswa kufurahi, sivyo? Wivu ukanishika upya, kuliko hata ule wa mita. Miaka yote hiyo, mzee, nikitengeneza kitu uliguna tu ukasema twende kwa ingine. Hukuniambia hata siku moja kwamba najua. Kumbe maneno ulikuwa nayo. Yalikuwa yangu, na ukampa Ekisa. Mita ningenunua. Hayo ningeyapata wapi?

Nimemwambia anirudie yote uliyosema. Anasema mengine ameshasahau, jamani. Basi kila tukikaa chai nitambana mpaka akumbuke.

Pumzika sasa, mzee wangu. Hasira zitaisha, nipe muda. Ninachokuahidi ni hiki: Ekisa nitamfundisha kunusa, na siku atakayopatia nitamwambia yeye mwenyewe kwamba anajua, akiwa amesimama mbele yangu, ananisikia.

Nafula