Papa, Mwezi Haukumshika Neema

Papa,

Nianze na kosa langu. Kwa miezi minne tangu tukuzike pale Sange, niliamini kwamba ulinidanganya. Nilikuwa napita karibu na kaburi lako na magunia yangu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, na sikumwomba dereva asimame. Nilikuwa na hasira na maiti. Sasa najua ukweli, na naona haya.

Ulimjua binti yako Feza. Tangu niko darasani mwako nilikuwa nashuku kila kitu. "Weye utamshuku hata padri akisema leo ni Jumapili," ulikuwa unasema. Unakumbuka ile jioni uliponitembelea hapa Uvira, mwezi ukatoka upande wa Burundi, mkubwa, mwekundu, umejaa juu ya ziwa? Ukasema si mkubwa kuliko ule unaokuwa juu ya kichwa, ni macho tu yanatudanganya. Nikakwambia minye siamini. Hukubishana. Uliingia jikoni, ukaniletea haragi moja, punje tu ya maharagwe. "Nyoosha mkono, uufunike." Nikaufunika. Baadaye, ulipopanda, nikaufunika tena. Haragi ileile ilitosha. Nilikasirika kama mutu aliyeibiwa.

Na hukuishia hapo. Ukasema mwezi hauna mwanga wake, unaazima wa jua. Ukasema ule upande tusiouona nao hupata jua, si giza la siku zote. Ukasema kila mwaka unasogea mbali nasi kidogo sana. Nikakuuliza ni nani aliyekwenda kupima, na ulicheka mpaka ukakohoa.

Lakini kuhusu Neema hatukucheka.

Mjukuu wako alianza kuanguka akiwa na miaka saba. Povu mdomoni, mikono imekakamaa, macho yamegeuka. Tate yake, mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye tangu baba Neema aende kufanya kazi Kalemie, alisema mara moja: "Huo ni ugonjwa wa mwezi. Mwezi iko inamuangalia mutoto." Akampeleka milimani kwa mganga wa mizizi, wakarudi na sharti kwamba mwezi ukikaribia kujaa, Neema asitoke nje usiku, dirisha lizibwe na kitenge. Mimi nikampeleka kituo cha afya. Muuguzi akasema ni kifafa, akatoa vidonge vyeupe, kimoja kila jioni, bila kuruka hata siku moja.

Wewe ukasema mwezi hauna mkono wa kumshika mtoto. Mama mkwe akasema walimu wanajua vitabu, hawajui watoto. Nami nikawashuku nyote wawili.

Ndipo uliponiletea ile kalenda ya ukutani, umechora kwa kalamu yako mwezi mzima, nusu, na mwembamba, kila mmoja kwenye siku yake. "Neema akianguka, weka alama nyekundu," ulisema. "Usiniamini minye. Angalia alama." Nilikubali kwa nia mbaya, Papa. Nilitaka kukukamata. Wiki tatu baadaye walinipigia simu kwamba moyo wako umesimama ukiwa unamwagilia mboga.

Niliendelea na kalenda. Sikujua kitu kingine cha kukufanyia.

Alama ya kwanza ikaangukia siku moja baada ya mwezi mzima. Mwezi uliofuata, alama mbili, zote pembeni ya mwezi mzima. Mwezi wa tatu hivyohivyo. Nilisimama mbele ya ukuta ule, nikazihesabu upya. Mama mkwe alipita nyuma yangu na kapu la mihogo, akaangalia alama, akaenda zake jikoni.

Nikasema: kumbe Papa alijua. Aliona nalia, akanitungia hadithi ya kunituliza, kama alivyokuwa akitutungia tulipokuwa wadogo. Kisha nikamshuku muuguzi, labda vidonge ni chokaa tu. Nikamshuku mama mkwe, kwa sababu alikuwa mtulivu mno. Nikaanza kuhesabu vidonge kabla ya safari, na nikirudi nahesabu tena. Hesabu ilikuwa sawa kila mara. Hilo likanitia shaka zaidi.

Unajua safari zangu. Mwezi ukiwa mwingi wavuvi wa ndagala hawaingii ziwani, maana samaki hawazifuati taa zao ziwa zima likiwa jeupe. Basi siku hizo sina cha kununua ufukweni. Nabeba ndagala niliokwisha kuwakausha, nakwenda kuwauza Sange siku nne, siku tano. Neema anabaki na tate yake. Nilikuwa nayajua haya yote, Papa, yalikuwa mbele ya macho yangu, na sikuyaunganisha.

Ilikuwa Jumapili mchana, namsuka Neema nywele kwenye mkeka. Nikamwambia nitasafiri kesho, asisahau kidonge. Akasema, bila hata kugeuza kichwa: "Lakini Mama, mwezi umejaa. Si Tate alisema weye umeagiza vidonge vipumzike?"

Mikono yangu ikasimama kichwani mwake.

Nilikuwa nimemshuku kila mtu Uvira, hata wewe uliye kaburini. Yeye peke yake sikuwahi kumuuliza.

Sikusafiri. Jioni ile nilimpa Neema kidonge kwa mkono wangu; mdomo wangu niliuogopa. Asubuhi mama mkwe alikuwa anafagia uwanja. Nilimwendea, nikamwambia: "Mama, vidonge vya mutoto unavipeleka wapi?" Akaendelea kufagia. Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimwita muuaji, Papa. Mwanamke aliyenipokea nyumbani mwake, aliyenikanda kwa maji ya moto nilipojifungua.

Akaweka ufagio chini. Akaingia ndani, akatoka na kipande cha kitenge kilichofungwa fundo. Ndani yake vilikuwa vidonge, vyote. Hakuwahi kutupa hata kimoja.

"Mganga alisema dawa ya wazungu na mwezi vikikutana katika mwili, vitapigana, na mutoto atakufa," alisema. "Najua weye unahesabu. Nilitoa kimoja kila jioni, nikakifunga. Minye niliogopa, Mama Neema. Sikutaka azikwe kama Mapendo."

Sikuwahi kulisikia jina hilo. Mapendo alikuwa mtoto wake wa kwanza. Alikuwa anaanguka vilevile. Alikwenda ziwani kuosha vyombo, saa za asubuhi, wakamkuta ndani ya maji yanayofika magotini tu. Usiku uliotangulia mwezi ulikuwa mzima. Mama mkwe alikuwa amebeba jambo hilo tangu kabla sijazaliwa, na hata mumewe alimkataza kulitaja.

Nilikuwa bado nimesimama pale, Neema akatoka na sare yake ya shule na begi mgongoni. Mama mkwe akamwambia, kama kila siku, aende salama, usiku ndio wa kuogopa. Neema akaonyesha kidole juu ya milima, nyuma ya nyumba.

"Lakini Tate, si uleule? Unanisindikiza mpaka shuleni."

Mwezi ulikuwa pale, Papa. Mweupe, umepauka, ukikaribia kugusa mlima, na jua limekwisha kutoka upande wa ziwa. Mama mkwe aliinua mkono juu ya macho, akaangalia muda mrefu.

"Ile si wingu?" aliuliza.

"Ni mwezi, Tate. Unatoka hata mchana. Babu alinionyesha."

Akakaa chini, palepale kwenye vumbi alilokuwa akifagia. Miaka yote ile ameziba dirisha, na mtoto anatembea asubuhi chini ya mwezi huohuo hadi darasani. Akaanza kulia. Sijui alikuwa anamlilia Neema au Mapendo. Nikakaa karibu naye. Sikumshika, hasira ilikuwa bado haijaniisha, lakini nilikaa.

Tulikwenda wote watatu kituo cha afya. Muuguzi alitueleza polepole kwamba kuacha vidonge ghafla ndiko kunakomwangusha mtoto, wala si mwezi. Mama mkwe alimuuliza maswali mengi kuliko mimi. Alimwambia arudie, akarudia.

Mwezi uliofuata ilinibidi nisafiri. Nilimpa mama mkwe vidonge mkononi, sikuvihesabu. Papa, hizo zilikuwa siku mbaya. Sokoni Sange niliuza vibaya, narudisha chenji mara mbili, napiga simu asubuhi na jioni. Kila mara Neema anajibu: "Nimekunywa, Mama. Tate ameniambia nifungue mdomo aone." Nilirudi, nikaenda moja kwa moja ukutani. Hapakuwa na alama. Mwezi wa pili hapakuwa na alama. Mwezi wa tatu alianguka mara moja tu, siku ya nusu mwezi, alipokuwa na malaria. Sijasema amepona. Muuguzi amesema tuendelee, nasi tunaendelea.

Nilishuka garini penye kaburi lako Ijumaa iliyopita. Nilikuomba msamaha kwa sauti, watu wa barabarani wakanishangaa. Lakini kuna jambo sikukwambia pale, kwa sababu lilikuwa halijatokea.

Jana mama mkwe alirudi kutoka kanisani na habari. Kuna mwanamke Luberizi, nyuma ya mashamba ya mpunga, mwenye binti wa miaka kumi na tano. Hajaingia shule hata siku moja. Wanamfungia ndani kila mwezi unapokua, na majirani hawali naye sahani moja. Mama mkwe alinieleza akiwa amekwisha kukunja nguo zake kwenye mfuko. "Tutakwenda Jumamosi," alisema. "Weye utaongea mambo ya vidonge. Minye nitamwambia huyo mama habari za Mapendo."

Lala, Papa. Nakuahidi hatutarudi Uvira kabla binti yule hajafika kwa muuguzi. Wakitufukuza mlangoni, tutakaa barabarani mpaka watuite.

Binti yako,
Feza