Pakeji Ambayo Sikuiandika

Sekei, Arusha
Jumamosi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Natumaini baridi ya Oldonyo Sambu imepungua na mdogo wangu Nashipae anakusaidia kukamua ng'ombe. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Kichwa ndicho kimevurugika. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe ungedhani kuna msiba.

Unajua ofisini tunatengeneza programu inayowakumbusha akina mama siku ya kliniki ya watoto kwa ujumbe wa simu. Hatuandiki yote wenyewe. Tunachukua pakeji, yaani kazi zilizokwisha kuandikwa na watu wengine, na tunaziorodhesha ili kompyuta ijue cha kupakua. Tatizo ni kwamba pakeji moja huja na nyingine nyuma yake, kama mgeni uliyemwalika peke yake akaja na wajukuu. Sasa na hao wajukuu uwaandike?

Mwenzangu Sankale alisema niandike kila ninayoitumia mwenyewe, hata kama imeletwa na nyingine. Dismasi, naye wa ofisini, akasema niandike zote kabisa. Nilipoandika zote, matoleo mawili ya pakeji moja yaligongana na programu ikagoma. Nikafuta nyingi, hata ile ya kuhesabu tarehe. Niliitumia, ila ilikuwa inakuja na nyingine, nikaona ya nini kuirudia.

Mwezi uliopita ile pakeji iliyokuwa ikiileta hiyo ya tarehe ilitolewa toleo jipya ambalo haliileti tena. Wiki hiyohiyo Dismasi alihamishia programu kwenye mashine mpya. Mashine hiyo ikapakua kila kitu upya, ile ya tarehe ikakosekana. Ujumbe haukutoka siku nne, wala hatukujua, mpaka nesi Magreth alipopiga simu kuuliza mbona kliniki ni tupu na watoto wamekosa chanjo. Sankale akarudisha mashine ya zamani, kazi ikaendelea. Bosi wetu, mama Ndeshi, akamwambia Dismasi akae nyumbani kwanza, maana yeye ndiye aliyegusa mwisho.

Mama, Dismasi hakuharibu kitu. Ni mimi. Siku ileile nesi alipopiga simu, kompyuta ilinionyesha kosa lenye jina la pakeji ile, nikalifunga, nikanyamaza wiki mbili. Nilijiambia labda kosa ni la mwenye pakeji, labda ni la ushauri niliopewa. Mpaka sasa sijui vizuri lilianzia wapi. Kunyamaza tu ndiko najua ni kwangu.

Juzi nilimweleza bosi. Hakugomba, alisema niende nikamwambie Dismasi mwenyewe. Nikaenda kwake Makumira, nikasema yote nikiwa nimesimama mlangoni. Akaniambia alijua tangu siku ya kwanza. Nikamuuliza mbona hakusema.

“Nilikuwa nakungoja wewe,” alisema.

Kisha akaniuliza kama nimekula, na mkewe akaniletea chai. Nilipoaga akasema ofisini harudi tena. Sijui kama amenisamehe, Mama. Chai niliimaliza yote.

Jana niliiandika ile pakeji kwenye orodha. Ni mstari mmoja tu.

Niombee. Nisalimie Nashipae na wote wa boma, na goti ulikande kwa maji ya moto.

Mwanao,
Nalepo