Chungu Ulichokifunga Kitenge

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kukugombeza kabla ya kukuamkia. Ulinilea hivyo.

Nimekukasirikia. Nimeiandika sentensi hii mara tatu na kuikata mara tatu. Sasa naiacha. Nimekukasirikia, Mama.

Siku ya pili baada ya mazishi, Shangazi Kabula alinituma nishushe masufuria yaliyokuwa juu ya kabati lako, maana watu walikuwa wengi na chai haikutosha. Nyuma ya masufuria nikakuta furushi limefungwa kitenge chako cha kijani, kile cha kanisani. Nikafungua. Kilikuwa kile chungu cha umeme cha kupika taratibu, nilichokununulia kwa mshahara wangu wa kwanza. Kifuniko bado kina nailoni. Waya bado umekunjwa vile vile ulivyotoka dukani.

Mwaka mzima, Mama! Mwaka mzima nilikupigia simu kutoka Kiseke nikiuliza, "Unakitumia?" Nawe unajibu, "Natumia, mwanangu. Mahindi yanaiva mpaka yanamenyuka yenyewe." Yanamenyuka yenyewe! Maneno hayo uliyatoa wapi? Ukanichekesha na juu yake: "Chungu chako kinafanya kazi kama ofisi yenu. Ukiulizia, unaambiwa subiri." Nikacheka. Nikawasimulia mpaka wenzangu kazini.

Daktari alikuambia mbele yangu kwamba kifua chako hakitaki moshi tena. Ukaitikia, "Ndiyo, baba," kwa adabu zote. Ukarudi Buswelu, ukawasha kuni, ukainamia lile sufuria kubwa la mahindi ya kuuza, kila mchana, hadi ukashindwa kupanda ngazi mbili za mlango wako mwenyewe.

Chungu ulikuwa unamtunzia nani? Wageni. Kila kizuri katika nyumba hii ni cha wageni. Basi walikuja, Mama. Walijaa uani mpaka barabarani. Walikuja kukuzika.

Na mimi je? Kila Jumapili nilipokukumbatia, kanga yako ilinuka moshi. Niliusikia. Sikuuliza. Ofisini nakagua kila barua mara mbili kabla haijatoka, lakini hilo moja niliogopa kulikagua, kwa sababu niliogopa jibu. Hasira yangu nyingine iko hapo, na hiyo siwezi kukutupia wewe.

Siku ya kumaliza matanga vyombo vyako viligawanywa. Shangazi akakibeba chungu kama mtoto mchanga. "Hiki kipya kabisa. Nitakwenda nacho kwangu Bujora, nikiweke kwa ajili ya wageni." Nikafungua mdomo, sauti haikutoka. "Karani wetu huyu," akasema, "bila karatasi hana neno!" Watu wakacheka. Alikuwa na mizigo mingi, akasema atakifuata Jumamosi.

Ijumaa asubuhi, nikiwa bado hapa kwako, nilitoa nailoni. Nilipanga kama unavyopanga wewe: maganda laini chini, mahindi yakiwa na ganda la mwisho, maganda mengine juu, chumvi, maji kidogo. Nikaweka moto mdogo, nikaenda kazini. Wewe ulisema umeme ni kama mtoto anayetambaa, hauachwi peke yake nyumbani. Siku nzima nilikaa masjala, kila gari likipiga honi nadhani wamekuja kuniambia nyumba imeungua. Nilirudisha jalada moja mahali pasipo pake. Mimi!

Saa kumi nilikimbia kutoka kituoni. Nyumba ipo. Harufu ya mahindi ilinipokea mlangoni, na hakuna moshi. Hakuna moshi hata kidogo, Mama. Nikashika hindi moja, nikagusa ganda.

Lilimenyuka lenyewe.

Ulinidanganya mwaka mzima, na ulichonidanganya kilikuwa kweli, na hukuwahi kujua. Nilikaa sakafuni nikalia kwa hasira. Kisha nikala.

Jumamosi Shangazi alikuja na kikapu chake. Nikampa kiti, nikampa hindi kwenye sahani. Nikasema, "Shangazi, chungu hakiendi Bujora. Kimeshatumika, na kitatumika tena kesho." Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka. Akakifunua, akatazama alama ya maji ndani. Akatafuna, akasema, "Mh. Ndiyo umekiharibu hivyo, wageni watakionaje?" Akatafuna tena. "Haya, niongeze lingine."

Kitenge nimekifua. Nitakivaa nikienda kazini, siku ya kawaida, bila mgeni yeyote.

Na nakuahidi jambo moja. Nikiulizwa hali yangu nami naumwa, nitasema naumwa. Hata nikitetemeka. Hata kwa simu.

Pumzika, Mama. Bado nimekukasirikia. Lakini leo nimeshiba.

Mwanao,
Karani